UZI: Kilwa, Mikindani na bara lake kabla ya ukoloni. Tusome mawe, vigae na koo, tusiishie kwenye majina ya masultani

Nangurukuru

Wakuu wa kusini, salaam.

Ikifika mada ya jamii za Afrika kabla ya ukoloni, madaftari ya watoto wetu wa Lindi na Mtwara yanajaa Buganda, Mali, Ghana na Wazulu. Kilwa inapewa mistari mitatu: Washirazi walikuja, wakauza dhahabu, Wareno wakaipiga. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wanaitwa "jamii zisizo na dola" na ukurasa unafungwa. Huku ni kuwadhulumu. Naomba uzi huu uwe wa kazi: mwenye kujua jambo alieleze kwa vipimo, kwa hatua na kwa sababu zake.

Naanza na upepo, maana asiyeujua upepo hawezi kuielewa Kilwa.

Kaskazi huanza kushika kati ya Novemba na Desemba, huvuma hadi Machi. Kusi huingia Aprili na kwenda hadi Septemba, ila Juni na Julai bahari huchafuka mno kwa safari ndefu. Chombo kilichotoka Uarabuni au Ghuba ya Uajemi kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikapakua, kikapakia, na kurudi kwao kwa kusi ya mwaka huohuo. Kikiendelea hadi Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, hesabu inaharibika: kinakosa upepo wa kurudi na kulazimika kungoja msimu mwingine, huku mabaharia wanakula na mbao zinaliwa na wadudu wa baharini. Kwa hiyo mgeni alikomea Kilwa, na safari ya Sofala ikabaki kwa vyombo vya hukuhuku, ikiwemo mitepe iliyoshonwa kwa kamba za kumbi la nazi bila msumari.

Dhahabu haikuchimbwa Kilwa wala Sofala. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe. Kilwa ilishika njia, ushuru na udalali. Mwishoni mwa karne ya 13 ukoo wa Mahdali ulipotwaa utawala, mji ukapanda hadi kileleni, na al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, akajenga jumba la Husuni Kubwa. Huyo ndiye aliyekutwa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331.

Karibuni.

---

Shangani_Mtwara

Mkuu Nangurukuru, uzi mzuri. Ila mbona Washirazi umewapita haraka? Habari za Kilwa zilizoandikwa zamani, ya Kiarabu na ile aliyoinakili Mreno de Barros, zote zinasema mwanzilishi ni Ali bin al-Hasan aliyetoka Uajemi, akakinunua kisiwa kwa nguo. Tunazitupa?

---

Nangurukuru

Hatuzitupi, kaka. Tunaziweka mahali pake.

Habari hizo ziliandikwa karne nyingi baada ya mambo yenyewe, kwa ajili ya watawala waliotaka kuonyesha haki yao ya kutawala. Halafu zenyewe zinasema kisiwa kilikuwa na mwenyewe aliyepokea hizo nguo, yaani watu walikuwapo. Neville Chittick alipochimba miaka ya 1960 alifika kwenye tabaka za karne ya 9 hivi: nyumba za miti na udongo, mavi ya chuma yanayoonyesha uhunzi, mifupa ya samaki, vyungu vya kienyeji vya aina ileile inayopatikana pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mawe yamekuja juu ya tabaka hizo. Hakuna mahali unapoona kijiji kimefutwa na mji wa kigeni ukaanza upya.

Upande wa pili, mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya zamani ya Waswahili, Kilwa na jirani yake Songo Mnara ikiwemo. Ulionyesha kwamba asili yao upande wa kike ni ya Kiafrika kwa sehemu kubwa mno, na upande wa kiume kuna damu ya Asia, hasa Uajemi, iliyoanza kuchanganyika karibu na mwaka 1000. Basi habari ya Uajemi ina mzizi. Wanaume waliofika walioa kwenye jamii iliyokwisha kuwapo, na watoto wakalelewa kwa lugha ya mama zao, ambayo ni ya Kibantu mpaka leo. Anayesema "wageni walijenga kila kitu" anakosea, na anayesema "hakuna mgeni aliyeingia" anakosea vilevile.

---

Fundi_Boriti

Salaam wakuu. Kwenye mawe niachieni mimi.

Mtu akiingia magofu ya Kilwa Kisiwani ajue kuna mawe ya aina mbili. La kwanza ni jiwe la matumbawe makavu, linalochimbwa nchi kavu. Ni gumu, lina matundu, halichongeki vizuri. Hilo ndilo la kuta. La pili ni tumbawe laini linalokatwa chini ya maji likiwa bichi. Likiwa na unyevu unalichonga kama mti, likikauka hewani linakaza. Hilo ndilo la miimo ya milango, mihirabu na vipambo. Fundi akichelewa, jiwe limekwisha kukaza na nakshi inabanduka vipande, kwa hiyo uchongaji ulifanywa upesi baada ya kuvuliwa.

Kinachoshika mawe yote ni chokaa, na chokaa ilichomwa hapohapo. Mmoja wa watu wa msafara wa Wareno wa 1505 aliiandika kazi hiyo: magogo makubwa yanapangwa duara, matumbawe yanawekwa ndani, yanachomwa. Mafundi wa pwani wanachoma hivyohivyo hadi leo:

Magogo yanapangwa tabaka kwa tabaka, vichwa vikielekea katikati, na katikati panaachwa tundu la kuwashia. Juu yake panarundikwa vipande vya matumbawe, vikubwa kwa chini, vidogo kwa juu. Moto unashushwa kwenye tundu, tanuu linawaka kutoka ndani kwenda nje. Likipoa, mawe yaliyoiva yanakuwa meupe na mepesi. Yakinyunyiziwa maji au yakipata mvua yanachemka na kupasuka kuwa unga. Unga huo unafunikwa na kuachwa ulale miezi kadhaa ndipo utumike.

Linaloharibika mara nyingi ni haya. Kuni zikiwa mbichi moto haufiki ukali, jiwe linabaki na kiini kibichi. Kiini hicho hakifi kwa maji, yaani hakichemki na kuwa unga. Tanuu likipakiwa vibaya upande mmoja unaanguka kabla mwingine haujaiva. Na chokaa isiyolala muda wa kutosha ina punje ambazo bado hazijafa, zinakuja kuchemka ukutani baada ya lipu kukauka, lipu inatoka vijidoa na kubanduka. Ukitumia mchanga wa ufukweni bila kuuosha, chumvi inatokeza juu na kula ukuta miaka na miaka.

Jambo la mwisho, vyumba. Vyumba vya Songo Mnara ni virefu na vyembamba, upana wake haupiti sana mita 3 hata kwenye nyumba za matajiri. Sababu ni boriti za mkoko. Boriti nzuri iliyonyooka inaishia hapo, na juu yake kuna mawe na zege la chokaa lenye unene wa shibiri au zaidi. Ukiongeza upana, boriti inapinda, zege linapata ufa, maji yanaingia, boriti inaoza kwenye kichwa chake kilichomo ukutani, paa linashuka lote. Wakipata haja ya nafasi kubwa walikuwa na njia mbili tu: kuongeza nguzo au kujenga kuba.

---

Bahari_ya_Lindi

Fundi, hapo kwenye nguzo na kuba, tufafanulie Msikiti Mkuu. Nimeona watu wanasema umejengwa karne ya 11, wengine ya 14, wengine ya 15.

---

Fundi_Boriti

Wote wana ukweli, kila mmoja kashika kipande.

Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11 na 12, ndogo, iliyoezekwa paa la bapa juu ya nguzo. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za al-Hasan bin Sulaiman, wakauongeza kwa kusini mara kadhaa ya ukubwa wake, wakatumia nguzo zilizochongwa kwa pande moja la tumbawe. Jengo lile liliporomoka. Tumbawe laini linavumilia kuchongwa, halivumilii mzigo wa kuba juu ya nguzo nyembamba ndefu. Karne ya 15, wakati wa Sulaiman bin Muhammad, wakaujenga upya kwa nguzo nene zaidi za pembe nane, safari hii za mawe madogo na chokaa, na hizo ndizo mnazoziona zimesimama hadi leo na kuba zake.

Mnisikilize hapa. Mafundi hawa walijaribu, kazi ikawashinda, wakatafuta kosa, wakabadili mtindo wa nguzo, na jengo limesimama zaidi ya miaka 500. Huo ndio uhandisi. Mtoto wa Kilwa anastahili kufundishwa hilo kabla ya kukariri orodha ya masultani.

---

Mchinga

Naongezea sarafu.

Sarafu za Kilwa nyingi ni za shaba, ndogo, upana wake kiasi cha sentimita 2. Upande mmoja una jina la mtawala, wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zinakwenda kwa vina, kwa hiyo ukisoma upande huu na ule unapata ubeti mmoja. Hazina mwaka wala jina la mji. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanaokota sarafu ya Ali bin al-Hasan na kusema jengo hili ni la karne ya 11. Sarafu zake ziliendelea kuzunguka muda mrefu sana baada yake, zinapatikana kwenye tabaka za karne ya 14 na 15. Sarafu inakwambia tabaka haliwezi kuwa la kabla ya mtawala huyo. Haikwambii limeishia lini.

Za dhahabu zipo ila ni adimu mno, ni za al-Hasan bin Sulaiman yuleyule. Ya shaba yenye jina lake iliokotwa Great Zimbabwe, ndani kabisa bara. Nyingine 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko bado watu wanabishana.

Mwaka 1505 Wareno waliandika kwamba sarafu 4 za shaba za Kilwa zilikuwa sawa na reali moja yao. Hii ni pesa ya sokoni, ya kununulia samaki na mtama. Mji uliojipigia chenji yake wenyewe ulikuwa na soko linalotembea kila siku na watu walioliamini jina la mtawala wao.

Tahadhari kwa vijana wa vyombo vya kutafutia madini: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba bila kibali. Na zaidi ya sheria, sarafu iliyotolewa ardhini bila kuandikwa ilikotoka imekufa kwa historia.

---

Sudi_Kwetu

Wakuu, kwa asiye na sarafu kuna vigae, vimejaa ufukweni wote kuanzia Kilwa hadi Mikindani. Namna ya kuvisoma, kwa kifupi:

Chungu cha udongo mwekundu au mweusi kisicho na rangi ya kung'aa ni cha kienyeji, na ndicho kingi kuliko vyote kila mahali. Shingo yake ikiwa na mistari ya pembetatu iliyokwaruzwa kabla ya kuchomwa, ni cha zamani, kati ya karne ya 7 na ya 10. Kigae kinene chenye rangi ya buluu ya kijani inayong'aa ni mtungi wa Ghuba ya Uajemi, wa zama hizohizo. Bakuli lenye michoro iliyokwaruzwa chini ya rangi inayong'aa, mara nyingi ya manjano au kijani, ni la karne ya 11 hadi 13. Kijani kibichi chepesi, kizito mkononi, kikivunjika ndani ni kijivu cheupe, ni cha China, hasa karne ya 14 na 15. Cheupe chenye maua ya buluu cha China kinakuja baada ya hapo. Cheupe chenye maua yaliyopigwa chapa, yote sawasawa, ni cha Ulaya, karne ya 19.

Kigae kimoja naomba mkitazame kwa makini mkikiona. Ni cha chungu cha kienyeji kilichovunjika, kina mifereji iliyochimbika upande mmoja, upana wa kijiti cha kiberiti. Watu wanakipita wakidhani ni takataka. Hicho ni kinoo cha shanga. Walivunja magamba ya makombe, wakatoboa, wakayasugua kwenye mfereji ule mpaka yakawa duara. Kilwa ya mwanzo vipo vingi. Baadaye vinaonekana vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati: hivyo ni vya kusokotea nyuzi za pamba. Wareno walikuta pamba nzuri inaota kisiwani. Mji huu ulikuwa unatengeneza vitu pia, haukuwa ghala la bidhaa za watu.

Mikindani ni hadithi nyingine. Uchunguzi wa akiolojia kule ulionyesha kwamba katika karne ambazo Kilwa ilijaa bakuli za China, Mikindani vitu vya ng'ambo ni vichache, na vyungu vyake vinafanana na vya bara. Watu wale walielekeza macho Ruvuma na nyanda za juu. Pwani haikuwa na mtindo mmoja.

Vigae tazameni, pigeni picha, viacheni palepale.

---

Mnyambe_Newala

Asanteni ndugu zangu wa pwani. Sasa twende bara, maana pembe, nta na sandarusi hazikujipeleka zenyewe Kilwa na Lindi.

Neno "jamii isiyo na dola" linawafanya watu wadhani hakukuwa na utaratibu. Wamakonde wa uwanda wa Newala walikuwa hivi. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Kaya inaanzishwa na mtu anayefyeka msitu na kuvuta ndugu zake, huyo anakuwa mkulungwa. Mkulungwa anagawa ardhi, anaamua kesi, anasimamia tambiko na jando. Akifa, anayerithi ni mtoto wa dada yake. Hana jeshi na hapokei kodi. Watu wasiporidhika naye wanahama na kuanzisha kaya mpya, kwa hiyo ilimlazimu atawale kwa maneno na kwa haki. Jando na unyago viliunganisha rika za kaya mbalimbali, ndiyo maana mtu aliweza kutembea mbali akapata mwenyeji.

Uwanda wenyewe ni mkavu. Udongo wake wa mchanga unanyonya mvua yote, mito hakuna juu, maji yanafuatwa bondeni kwa kupanda na kushuka genge. Mtu atauliza, kwa nini waishi huko? Kwa sababu ya kichaka. Shamba la kufyeka na kuchoma linalimwa miaka michache, mtama, uwele, kunde, baadaye mihogo, kisha linaachwa. Kichaka kinachoota hapo ni kizito kiasi kwamba kundi la watekaji haliwezi kupita nje ya njia, na njia ni nyembamba, inapinda, inalindwa. Biashara ya utumwa ilivyozidi karne ya 18 na 19, kichaka kile kikawa boma lao. Kubeba maji kila siku ndiyo ilikuwa gharama ya usalama, na mzigo huo uliwaangukia wanawake kuliko wote.

Wayao nao walikuwa na mbumba, yaani akina dada na watoto wao chini ya kaka mkubwa. Heshima ya mwanamume ilipimwa kwa mbumba aliyoitunza, na biashara ilikuwa njia ya kuikuza. Masimulizi yao yanawataja Wachisi, ukoo wa wahunzi, waliotembeza majembe. Majembe na tumbaku vikafuatwa na pembe za ndovu. Misafara ilitoka baada ya mavuno, njia zikiwa kavu, na ilibidi irudi kabla ya mvua za kupanda. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alitembea kutoka Tete hadi Kilwa kwa njia hizohizo, akipita kwa machifu na kulipa zawadi njiani. Njia ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Alichofanya ni kuifuata.

---

Shangani_Mtwara

Mnyambe umetutendea haki. Swali langu la mwisho: kama mfumo ulikuwa imara hivi, Kilwa iliangukaje kwa siku moja mwaka 1505?

---

Nangurukuru

Haikuanguka siku moja, kaka. Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida aliupora mji na kujenga ngome, hilo ni kweli. Lakini karne nzima ya 15 masultani walikuwa wakipoteza nguvu kwa maamiri wao. Ibrahim, aliyelazimishwa na Vasco da Gama kulipa kodi mwaka 1502, alikuwa amiri aliyeshika mamlaka, wala hakuwa wa ukoo wa kisultani. Bara, Great Zimbabwe ilikuwa imedhoofika katikati ya karne hiyo, na dhahabu ikaanza kupita njia za Zambezi na Angoche, mbali na Sofala. Mrija wa Kilwa ulikuwa umeshaanza kukauka.

Wareno wenyewe walikaa hadi 1512 wakaondoka. Mji ukabaki. Mwaka 1711 barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ziliandikwa Kilwa na kupelekwa kwa Wareno wa Msumbiji, na zimehifadhiwa Goa hadi leo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa kumuuzia watumwa 1,000 kwa mwaka. Hili lazima tuliseme bila kuficha, maana waliouzwa ni watu wa bara letu hilihili, na biashara hiyo ndiyo iliyowafanya wale wa Newala wajifiche kichakani. Miaka ya 1780 Waomani wakaichukua, biashara ikahamia Kilwa Kivinje, na sultani wa mwisho alipelekwa Maskati mwaka 1843. Gereza mnaloliona kisiwani, yaani ile ngome, ni la wakati wa Waomani, limekaa juu ya masalia ya ngome ya Wareno.

---

Bahari_ya_Lindi

Kuna mwalimu ananiuliza pembeni: akipeleka wanafunzi siku moja, aanzie wapi? Na kwa nini kuta nyingine zilizokarabatiwa zinaoza kuliko zisizoguswa?

---

Fundi_Boriti

La kuta kwanza. Pale palipozibwa kwa saruji ndipo panapooza. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua: maji yanaingia, yanatoka. Saruji haipitishi. Unyevu na chumvi vinajifungia nyuma yake, jiwe la pembeni linageuka unga, halafu kibandiko cha saruji kinaanguka kizima na uso wa ukuta. Ziba kwa chokaa iliyolala, sehemu 1 kwa 3 za mchanga uliooshwa, tabaka nyembamba, lowesha ukuta kabla na funika lisikauke kwa jua. Na miti inayoota juu ya kuta isivutwe kwa nguvu. Inakatwa, kisiki kinauawa, mzizi unaachwa ufie ndani, la sivyo unaondoka na nusu ya ukuta.

Ratiba: kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko. Aanze Gereza, kisha Msikiti Mkuu akiingilia upande wa kaskazini ili wanafunzi waone paa la bapa kabla ya kuba, kisha jumba la Makutani. Husuni Kubwa iko mashariki ya mji, juu ya genge, awaonyeshe birika la pembe nane na vyumba ambavyo havikumalizwa. Awaambie pia kwamba Ibn Battuta aliona mji wa nyumba za miti zaidi, kwa hiyo nafasi tupu kati ya magofu zilikuwa mitaa ya watu. Songo Mnara aitengee siku yake, na aulize kwanza maji yanajaa saa ngapi. Yakiwa yametoka, boti inaishia mbali na watoto watapita kwenye tope la mikoko.